Gari Siyo Nyumba

Watu wenye akili zao hununua gari kwa kuangalia barabara watakayopita. Mimi nilinunua langu kwa kuangalia video. Ni gari dogo la Kijapani, jekundu, la viti viwili, lenye paa la turubai ambalo unalikunja kwa mkono na kulilaza nyuma ya viti, kisha unaendesha huku upepo unakupiga usoni na watu wa kando ya barabara wanakupungia mkono kana kwamba umepotea kutoka kwenye msafara wa harusi. Uzito wake ni mdogo mno. Siku lilipoingia mtaroni pale Soweto, mtaa ninaoishi hapa Mbeya, wanaume wanne walilinyanyua na kulirudisha barabarani bila kukatisha mazungumzo yao ya mpira.

Aliyeniuzia ni mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mwanawe aliliagiza, akalitembeza msimu mmoja, halafu akahamia ng'ambo na kuliacha stoo katikati ya mifuko ya saruji. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mazito. Mzee aliuliza moja tu: nina mke? Nikamwambia sina, ila nina mchumba, yuko Iringa.

"Basi endesha sasa hivi," akasema. "Mke ni kiti kimoja. Ndugu zake ni viti vingapi?"

Nilicheka. Mimi nina shahada, na sisi wenye shahada tukionywa tunadhani tumetaniwa.

Matatizo yalianza na mvua za kwanza. Asubuhi moja nilifungua mlango wa abiria niweke begi langu, nikakuta sakafu ya upande ule ina maji ya kutosha kuloweka maharage. Paa lilikuwa limefungwa, vioo vimepandishwa, gari limelala chini ya mparachichi wa mwenye nyumba kama kawaida. Nikakausha. Kesho yake maji yakarudi. Nikakausha tena, yakarudi tena, mpaka nikaanza kuondoka nyumbani na kikombe cha plastiki cha kuchotea, kama mtu anayesafiri kwa mtumbwi.

Soweto nzima ilikuwa na majibu. Mwenye nyumba alisema hilo lilikuwa gari la kawaida, likapata ajali likakatwa juu, nami nikauziwa kilichobaki. Jirani akasema huenda siyo maji, huenda ni majini, na akaicheka kauli yake peke yake kwa muda mrefu. Mimi sikubali kitu kwa sababu tu kimesemwa na watu wengi, kwa hiyo nilikwenda kuwauliza watu wengi zaidi, wa kwenye mtandao. Kuna jukwaa la wamiliki wa magari ya aina hii, Wazungu watupu, wanaoyalaza magari yao kwenye gereji zenye zulia. Wakanishauri ninyunyizie poda kwenye mipira ya paa, nimwage maji juu, kisha nifuate mchirizi. Poda sikuwa nayo. Nilikuwa na unga wa sembe. Asubuhi hakukuwa na mchirizi wowote. Upande mmoja kulikuwa na uji, upande wa pili kulikuwa na panya.

Nikalipeleka kwa fundi anayeshona maturubai ya malori kando ya barabara kuu. Alilizunguka, akalipapasa, akainama, akaniambia lina matobo mengi. Nikamwambia ayazibe yote. Kila mtu aliyekulia chini ya bati anaelewa agizo hilo. Kwetu tobo ni adui, haliulizwi limetoka wapi wala lina kazi gani. Linapakwa lami, au linasuguliwa sabuni ya mche, au linawekewa sufuria chini mpaka baba apate nafasi ya kupanda juu. Fundi akapaka gundi yake kila mahali, pamoja na kwenye matobo mawili yaliyojificha nyuma ya viti, moja kila upande, pale paa linapokunjwa. Tuliyatazama kwa pamoja, yeye na mimi, tukakubaliana kwamba kiwanda kilikosea.

Hakikukosea. Ile ilikuwa mifereji. Mjapani aliitoboa makusudi, kwa sababu alijua kwamba gari la turubai litaingiza maji tu, akaona yapewe njia ya kushukia chini ya gari badala ya kwenye zulia. Majani na maua ya mparachichi yalikuwa yameibana, ndiyo maana maji yalizidi na kumwagikia ndani. Sisi tukamaliza kazi kwa kuiziba kabisa. Kuanzia siku ile gari langu lilikuwa karai.

Haya yote nisingeyasimulia kama yasingeingiliana na siku ya kujitambulisha.

Mchumba wangu tulisoma naye chuo pale Iringa. Kwao ni Kihesa, ni Wahehe na ni Wakatoliki. Baba yake ni mkulima wa mahindi, mtu wa kanisani, na ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kuombwa arudie alichosema. Mimi kwetu ni Wanyakyusa na ni Walutheri, jambo ambalo peke yake lilimtosha kufikiri kwa mwaka. Hatimaye akakubali tuende: ujumbe wa ukoo wangu, ukiongozwa na mjomba wangu kama mshenga, ufike nyumbani kwake na kunionyesha. Wakiniona na kuridhika, mambo ya mahari yataanza. Wasiporidhika, kila mtu arudi kwao.

Mjomba alikodi Noah. Ikajazwa mashangazi, vitenge na kreti za soda. Mimi nikafuata na gari langu, kwa sababu lilikuwa langu. Tulipofika Chimala likazima.

Ubongo wa gari lile, yaani kile kiboksi kinachoamuru injini iwake au isiwake, uko chini ya zulia la upande wa abiria. Mjapani yuleyule mwenye busara ya mifereji aliuweka pale, sakafuni, bila shaka kwa kuamini kwamba hakuna mtu duniani atakayeiziba. Nilisimama Chimala nikipuliza kiboksi kwa mdomo huku wauza mchele wakinipa pole. Ujumbe ukafika Iringa ukiwa na kila kitu isipokuwa mimi. Mjomba alijieleza kwa ufasaha wake wote. Baba mkwe mtarajiwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema vitenge amevisikia na soda ameziona, sasa huyo wanayemtambulisha ni yupi, kreti? Kisha akaweka sharti. Waje mara moja tena. Wakija bila mimi, wasije tena kabisa, na binti yake atafutwe na mtu anayefika.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia elimu yangu. Niling'oa zulia, nikakausha kila kitu juani, nikaipata mifereji na kuizibua kwa waya wa breki wa baiskeli. Vikatoka vipande vya gundi ya fundi na majani meusi yenye harufu ya kisima. Nikang'oa pia vizibo vya raba vya sakafuni, maana nilikuwa nimepoteza imani na kila kitu kinachoziba. Halafu nikalifunga paa, nikajifungia ndani na kuwaomba majirani wanimwagie maji kwa ndoo. Walifanya hivyo kwa furaha iliyozidi mahitaji. Nikakaa mle kavu kabisa, nikisikia maji yanatiririka pembeni na kumwagika chini. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na paa lisilovuja.

Nikampigia mchumba wangu kumpa habari hizo njema. Akaniambia nipande Noah. Nikamweleza kwamba safari hii mjomba ameongeza mashangazi, na kiti changu kimepewa mtungi wa gesi. Akaanza kunifundisha adabu za kwao. Baba yake nimsalimie nikiwa nimeinama. Nisikunje nne. Na mama yake nisimpe mkono, nisikae naye, nisile naye, na nisithubutu kukaa naye chini ya paa moja.

Nikamwuliza mama atakaa wapi, na pale ni kwake.

"Jikoni. Jiko lina paa lake."

Nikauliza sababu. Akasema ni heshima. Nikauliza heshima ya namna gani hiyo inayomfukuza mama sebuleni kwake, na nani aliianzisha, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuwauliza kina mama wenyewe. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimeshapamba moto, kwamba hata kwa kanuni zao wenyewe mimi siyo mkwe bado. Mkwe ni mtu aliyekubaliwa. Mimi bado ni kreti. Sheria ya wakwe inanihusu nini?

"Hujaambiwa uelewe," akasema. "Umeambiwa usikae."

Siku ya pili ya kujitambulisha tuliondoka Mbeya asubuhi, mimi mbele, Noah nyuma. Huo ulikuwa mpango wa mjomba: nikizima waniokote mimi na gari waliache hapohapo kwa yeyote atakayelihitaji. Kwenye buti langu, ambalo linatosha tairi la akiba na kitu kimoja kingine, waliweka blanketi la mama. Ukoo wa mchumba wangu huliomba tangu siku ya kwanza, mazungumzo yakikubaliwa mshenga hulitoa mbele ya watu na kumvisha mama wa binti. Mjomba alilikagua mwenyewe, likafungwa kwenye nailoni, akaniambia nikizima nitembee nalo.

Sikuzima. Chimala nilipita nimeshika usukani kama anayepita mbele ya mbwa. Makambako wenzangu wakasimama kunywa chai, kwa sababu mashangazi wanne hawawezi kupita mahali penye chai. Mimi nikaendelea polepole. Jua lilikuwa limetoka, gari linakwenda vizuri, nikalikunja paa. Nilijua kwamba mbele ni Mufindi, ambako jua hutoka kwa ajili ya kuwadanganya wageni.

Sijafika Nyololo simu ikaita. Mchumba wangu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama aliye kanisani. Mama yake alikwenda jana kwa dada yake, huko ndani Mufindi, kuchukua ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa ajili ya wageni. Sasa amekwama Nyololo barabarani, mabasi yote yanapita yamejaa, shule zimefungwa. Na haiwezekani wageni wafike nyumbani mama mwenye nyumba hayupo, wala haiwezekani afike pamoja nao. Akaniomba nimsaidie.

Nikamwambia nimeelewa, nitampakia.

"Sijasema umpakie. Nimesema umtafutie usafiri."

Nyololo ilikuwa na ukungu na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Nilimtambua kabla sijasimama, kwa sababu alikuwa mchumba wangu aliyeongezewa miaka na kitenge. Amesimama wima kando ya dumu la njano lenye kifuniko kilichotobolewa, povu linapumua juu yake. Alilitambua gari pia. Nadhani Iringa nzima ilikuwa na maelezo ya gari lile. Nikashuka, nikainama kutoka mbali, nikasema kamwene, neno pekee la Kihehe nililolimiliki. Aliitikia akiwa ameuelekea mti wa mlingoti upande wa pili wa barabara.

Nikamtafutia usafiri. Nilipunga mabasi, nilipunga malori ya mbao, nilimpungia hata mwenye Prado ambaye naye alinipungia kwa uchangamfu na kupita. Muda ulikuwa unakwenda. Nilijua mashangazi wakishamaliza chai watatukuta hapa, mimi na mama, tumesimama kama kesi. Nilitamani kumwambia kwamba kile kiti cha abiria ni kitu kitupu tu, ni sponji na kitambaa, hakina ukoo. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa. Nikazimeza zote.

Mama akaliacha dumu, akalisogelea gari. Alilizunguka kwa utaratibu kama mnunuzi wa ng'ombe. Alichungulia ndani, akatazama pale ambapo paa lingekuwa, akainua uso na kutazama mbingu. Kisha akazungumza, na hakuzungumza na mimi. Alizungumza na boneti.

"Wewe gari. Huna paa?"

Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi akamjibu kwa niaba ya gari. "Halina, mama. Si unaona mwenyewe."

"Basi siyo nyumba," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Akachukua dumu lake.

Nimesoma sheria za hoja chuoni, muhula mzima. Sijawahi kuona zikitumika kwa usafi ule. Wakwe hawakai chini ya paa moja, hapa hapana paa, kwa hiyo hapa hawajakaa. Nilifungua mlango na kusogea mbali. Akapanda, akalibana dumu kati ya miguu yake, juu kabisa ya ubongo wa gari, akajifunika kitenge kichwani mpaka kikawa pazia upande wangu, na akageuza uso kuelekea mashamba. Kutoka begani kwangu mpaka begani kwake hapakuingia kitabu.

Tulikwenda hivyo. Alipotaka kitu, aliliambia gari. Gari lipunguze mwendo, dumu linaruka. Gari lisipite karibu na lori hilo. Mimi sikujua nijibu vipi, na kunyamaza mbele ya mtu mzima ni utovu wa adabu hata kwa mtu anayehoji adabu, kwa hiyo nilijibu kwa niaba ya gari. Gari limesikia, mama. Gari linaomba radhi, lile lilikuwa tuta. Baada ya Mafinga mazungumzo yalikuwa yamechangamka. Gari limesoma mpaka wapi? Gari lina chuo, mama. Linakula nini huko Mbeya? Wali na ndizi. Linakunywa? Gari likafikiri kidogo, likatazama dumu, likasema kidogo tu, sikukuu. Linasali wapi? Nikasema gari ni la Kilutheri. Pazia la kitenge likasema heri hilo kuliko kutosali kabisa. Sikuona sababu ya kulieleza pazia jinsi gari linavyohoji mambo hayo.

Kabla ya Ifunda mvua ikaja. Niliiona kwa mbali ikivuka misonobari, nyeupe, haina haraka. Nikawasha taa ya pembeni na kusimama. Hapo, jamani, ndipo gari langu lilipokuwa linaelekea kuheshimika. Nilikuwa na paa zima. Paa lililojaribiwa kwa ndoo na mtaa mzima. Nikanyoosha mkono nyuma kulivuta.

"Gari linataka kufanya nini?"

"Gari linataka kufunga paa, mama. Mvua hii."

"Likifunga, mimi nashuka."

Nikalitazama paa. Nikalitazama pazia. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga dashibodi. Nikaondoa gari.

Wale wataalamu wa jukwaani wanasema mvua siyo shida kwa gari la wazi, mradi uwe na mwendo mzuri, kwa sababu upepo wa kioo cha mbele unayarusha maji juu ya vichwa vyenu. Ni kweli, nililithibitisha kwa urefu wa kama mashamba mawili. Halafu tukafika kijiji cha kwanza na kibao chake cha hamsini. Barabara ya kuingia Iringa ina vijiji vingi na kila kijiji kina hamsini yake, na kila hamsini ina askari wake. Kwa mwendo wa hamsini mvua hairuki popote, inaingia na kukaa. Nililoa mpaka nikaacha kulowa. Mama alikuwa anatetemeka. Niliona kwa jinsi dumu lilivyokuwa likitetemeka.

"Gari lina blanketi kwenye buti," nikasema.

"La nani?"

Lilikuwa lake. Sote wawili, sote watatu tukilihesabu gari, tulijua ni lake.

"Limeshatolewa?" akauliza.

"Bado, mama."

"Basi likae lilipo."

Akaendelea kutetemeka mita moja mbele ya blanketi lake mwenyewe, jipya, kavu, lililofungwa kwenye nailoni. Mimi niliyeapa kutokubali kitu kisicho na sababu niliendesha gari la wazi ndani ya mvua, paa zima likiwa limekunjwa nyuma yangu, na sikufungua mdomo. Sikuwa nimeshawishika. Nilikuwa nahofia kiboksi. Maji yalikuwa yanazunguka chini ya zulia, ulanzi nao unachangia kila kwenye tuta, na kama ubongo ule ungelowa hapa, basi binti angetafutwa na mtu anayefika. Nilikuwa nasikiliza injini kwa mwili mzima. Lakini maji yaliyoingia juu yalitokea chini kwenye matobo ya sakafu, yakaacha mstari barabarani nyuma yetu kama gari la maji la manispaa, na injini haikukohoa.

Askari alitusimamisha kwenye hamsini ya mwisho. Alikuwa na koti la mvua, akatutazama kwa huruma ya kweli. Akauliza kama paa ni bovu. Nikasema ni zima. Akauliza kwa nini hatulifungi basi. Nikasema mama hataki. Akainama kumtazama mama, ambaye alikuwa anatazama shamba la mahindi lenye mambo mengi ya kuvutia.

"Ni mama yako?"

Nikafuta maji usoni. "Ni mama mkwe."

Askari akarudi nyuma hatua nzima. Hakuuliza leseni wala kitu kingine. Alitoa mkono barabarani, akasimamisha lori lililokuwa linakuja, akatupisha kama msafara wa waziri. Nikasubiri mama anikosoe, maana nilikuwa nimesema kisichokuwepo bado. Hakusema kitu. Hata kwa gari hakusema.

Noah ilitufikia tunapopanda kutoka Ipogolo kwenda mjini. Nilimwona mjomba kwenye kioo, uso wake umebanwa kwenye dirisha la mbele. Alipotambua nani amekaa pembeni yangu aliacha kupiga honi. Tuliingia Kihesa hivyo, gari jekundu mbele likichuruzika, Noah nyuma ikitembea kwa adabu.

Baba wa nyumba alikuwa amesimama barazani na suti yake. Mchumba wangu alikuwa nyuma yake, ameweka viganja mdomoni. Mama akashuka na dumu. Kitenge kilikuwa kimemganda mwilini, kilemba kimelegea, viatu vinalia. Mzee alimtazama yeye, akalitazama gari, akanitazama mimi, na niliona jinsi Chimala ilivyokuwa ikirudi yote machoni mwake.

"Limeharibika tena," akasema. Halikuwa swali. "Safari hii ni paa."

Nikafungua mdomo kueleza kuhusu paa, mifereji na ndoo. Mama akanitangulia. Alisema bila kugeuka upande wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza kwa nini amechelewa sokoni.

"Paa ni zima. Ulitaka nikae paa moja na mkwe wangu?"

Mvua ilikuwa inaendelea. Mashangazi walikuwa wanashuka kwenye Noah mmojammoja, na kila aliyekuwa anashuka alisimama palepale. Mjomba wangu siyo mshenga kwa bahati. Alikohoa, akarekebisha koti.

"Mkwe," akasema. "Ndaga, mama, asante. Tumelisikia neno."

"Hatujaongea bado," mzee akasema.

"Ongeeni," mama akajibu, na akaelekea jikoni, kwenye paa lake.

Tukaingia sebuleni, tukaongea. Niliinama, sikukunja nne. Mzee alifungua kwa sala ndefu, kisha akaanza kueleza kwamba kabla ya chochote ukoo wake utahitaji muda wa kujiuliza, mambo haya hayana haraka, watu wa Mbeya wasubiri majibu. Alikuwa bado kwenye kujiuliza mlango wa nyuma ulipofunguliwa kidogo. Mdogo wake mama alichungulia na kusema kwamba jikoni wanauliza kama lile blanketi bado liko kwenye gari.

Mzee akasimamisha sentensi yake. Alitazama dari kwa muda mrefu. Nafikiri alikuwa anatafuta njia ya kuukataa ujumbe ambao blanketi lake linakwenda kuwa mgongoni mwa mke wake, na alikuwa mtu makini, ingekuwepo njia angeiona.

"Lileteni," akasema.

Mjomba alilitoa mwenyewe kwenye buti. Desturi inataka mama avishwe mbele ya wageni, kwa hiyo alisimama nje ya mlango wa nyuma, chini ya mvua, nasi ndani tukatazama kupitia mlangoni mjomba akimvisha. Alijikunja ndani yake mpaka puani, akageuka na kurudi jikoni.

Sasa ni mwaka na kitu tangu tumeoana. Mzee wa duka alikuwa sahihi kuhusu viti, na jibu lake ni kwamba viti havipo. Gari bado ninalo. Paa halivuji, mifereji naizibua kila mparachichi unapotoa maua, na zulia la upande wa abiria linanuka ulanzi kila jua likiwaka, kitu ambacho watu wa jukwaani hawajaweza kunisaidia. Mama mkwe na mimi hatujawahi kukaa chumba kimoja. Nimemwuliza mke wangu mara nyingi sababu ni nini hasa, na bado hajanipa inayotosha.

Jumapili mama hupiga simu. Huongea na binti yake, huuliza habari za Mbeya, za mvua, za mahindi. Mwishoni huuliza kama gari halijambo, linakula vizuri, halikohoi usiku. Mke wangu hunitazama. Nami kutoka upande wa pili wa kochi, nikiwa na mafua au sina, humwambia amjibu kwamba gari halijambo na linamsalimu sana.